Bukta Iliyoachwa Thirunallar

Mwanamume wa kwetu akiaga nyumbani kwamba anakwenda Karaikal kutembea na kuangalia mandhari, mkewe haulizi mandhari gani. Huuliza atarudi na chupa ngapi. Si kwamba Karaikal haina cha kutazama. Ina ufukwe, ina mahekalu, ina kanisa, ina polisi wa kofia nyekundu waliobaki tangu enzi za Wafaransa. Lakini pombe yake ni rahisi kuliko ya wilaya zote zinazoizunguka, na tukiacha kudanganyana, hiyo ndiyo mandhari.

Ndiyo maana Vaithilingam alipotangaza kwamba Jumamosi atakodi gari, ampakie mwanawe Kathir, wazunguke pwani kuanzia Thirunallar mpaka Nagapattinam, habari zilimfikia upesi Bi Pavunammal, mama wa msichana aliyechumbiwa na Kathir. Harusi ilikuwa imebakiza wiki mbili. Bi Pavunammal hakubisha. Alituma tu salamu kwamba na yeye anakuja, binti yake Poongodi anakuja, na chakula atapika yeye. Mumewe alibaki nyumbani na ng'ombe. Ng'ombe alikuwa karibu kuzaa, na mzee yule alionekana kumshukuru sana.

Vaithilingam mwenyewe alikuwa hajaonja pombe maisha yake yote. Safari yake ilikuwa ya Zohali.

Zohali kwetu si nyota ya kutazamwa tu. Ni mzee mwenye jicho zito, na akikutupia jicho hilo umekwisha, unalo miaka saba na nusu. Vaithilingam alikuwa ameitumikia yote. Pampu ya kisima iliungua, ikatengenezwa, ikaungua tena. Nyati wake wa maziwa alitumbukia kwenye shimo la choo la jirani, na jirani akadai alipwe shimo. Aligombea uenyekiti wa chama cha ushirika akashindwa kwa kura moja, na kura hiyo alijua ni ya nani, kwa sababu Amirtham, mkewe, hakumficha. "Ungeshinda tusingekaa nyumba moja," alimwambia, akaendelea kupepeta mchele. Halafu mwaka wa nne Amirtham akaumwa tumbo, wakasema ni gesi, na haikuwa gesi. La pampu Vaithilingam alimsimulia kila mtu. La Amirtham hakumsimulia mtu.

Sasa muda wa Zohali ulikuwa umekwisha, na kinachotakiwa kinajulikana. Unakwenda Thirunallar siku ya Jumamosi. Unajipaka mafuta ya ufuta mwili mzima, unazama katika bwawa la hekalu, unatoka, unavua kila ulichokuja nacho mwilini, unakiacha palepale. Unavaa nguo mpya na kuondoka. Nuksi zinabaki kwenye nguo. Sharti ni moja tu, usigeuke nyuma. Ukigeuka, Zohali anaona umemkumbuka, na yeye hana hiyana, anakufuata.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Kwenye gari hilo ilikuwemo tali, kile kipande cha dhahabu ambacho bwana harusi humfunga bibi harusi shingoni, na kikishafungwa basi, mambo yamekwisha. Tali hii sonara aliitengeneza kwa kuyeyusha ya Amirtham. Alikufa mume wake akiwa hai, na dhahabu ya mwanamke wa namna hiyo ina heri. Hata Bi Pavunammal, asiyesifu ovyo, alisema hapo sawa. Mpango ulikuwa kuipeleka Nagapattinam jioni, iwekwe miguuni pa mungu wa kike wa pale mwenye macho ya buluu, ibarikiwe. Lakini Thirunallar ndiyo iliyotangulia njiani, na mtu mwenye akili zake hawezi kuipitisha tali mbele ya jicho la Zohali. Vaithilingam aliwaza usiku kucha pa kuificha. Alfajiri akapata.

Ndani ya bukta yake.

Msicheke. Wanaume wa rika lake huvaa chini ya shuka bukta pana ya mistari, na bukta za Vaithilingam zilikuwa na mfuko wa siri ndani. Amirtham ndiye aliyeushona, mwaka ule mumewe alipoibiwa stendi ya basi akarudi nyumbani kwa miguu akitukana njia nzima. Siku hiyo alichagua bukta kuukuu kuliko zote, maana ilikuwa ya kutupwa, akaitia tali mfukoni, akafunga kifungo. Zohali angeona wapi huko?

Garini Bi Pavunammal alikaa katikati ya Kathir na Poongodi, miguuni ameweka vifurushi vya wali wa ukwaju uliofungwa kwa majani ya mgomba. Vijana walitumiana ujumbe kwenye simu juu ya mapaja yake, yeye akijifanya haoni.

"Mkwe," alisema, "na bahari tutaiona saa ngapi?"

"Tukishatoka Thirunallar."

"Mimi nimezaliwa mwendo wa saa mbili kutoka baharini na sijaiona. Nilipoolewa mume wangu aliniahidi. Kila mwaka kuna ng'ombe."

"Leo utaiona, mkwe."

"Na hapo Karaikal mjini tutapita tu, au kuna mahali pa kusimama?" Sauti yake ilikuwa laini mno.

"Tutapita tu."

"Haya," alisema Bi Pavunammal, akamtazama kisogo mwanamume huyo kwa muda mrefu.

Bwawani palikuwa na watu kama wote wa dunia wamepatwa na Zohali mwaka mmoja. Vaithilingam alimkabidhi Kathir simu, miwani, saa na pochi, kimoja kimoja, akivitaja kwa majina. Hakuna asichokikumbuka. Ila kilichoko ndani ya bukta mtu hakihesabu kama mzigo. Ni kama kitovu. Akajipaka mafuta, akazama, akaibuka, akazama tena. Akapanda ngazi, akavua shati, akavua shuka, akajisitiri kwa taulo jipya na kuvua bukta, akaiacha juu ya rundo la nguo za wenzake lililomfika kiunoni. Akavaa vipya vitupu. Kisha akaondoka, shingo imekakamaa, macho mbele. Kuna mtu alimwita nyuma, "Mzee, kandambili zako!" Hakugeuka. Alikwenda peku mpaka hekaluni.

Alipotoka huko alikuwa mwepesi. Alimnunulia dereva chai bila kuombwa. Alimwambia Kathir kwamba pampu sasa itapona yenyewe.

Ufukwe wa Karaikal saa nne asubuhi ulikuwa na jua kali, wauza karanga, na mbwa mmoja aliyelala chali. Bi Pavunammal alishuka garini akavua viatu, akaenda mpaka maji yalipomgusa vidole, akasimama. Poongodi alimwendea.

"Mama, unaionaje?"

"Kubwa," alisema Bi Pavunammal. Akatazama wimbi jingine likija. "Na haichoki."

Akaketi mchangani na sari yake nzuri hivyo hivyo, akawa anaitazama. Uso wake, ambao kijijini kwao huogopwa na wakusanya kodi, ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetoka usingizini. Vaithilingam alifurahi kumwona hivyo. Ndipo mama yule akanyoosha kiganja bila kugeuza kichwa.

"Mkwe, hebu toa hiyo tali. Nataka nayo iione bahari."

Vaithilingam alipeleka mkono kiunoni. Akapapasa upande wa kulia, akapapasa wa kushoto. Bukta mpya, ya dukani, haina mfuko. Damu ikamwisha usoni, kisha miguuni, kisha sijui ikaenda wapi.

"Nimeifungia garini," alisema. "Nisije nikaiangusha mchangani."

"Vizuri," alisema Bi Pavunammal. "Mtu mwangalifu."

Vaithilingam alimvuta Kathir nyuma ya kibanda cha mwuza karanga na kumweleza. Kathir alisikiliza mpaka mwisho. Ni kijana mtaratibu, mhasibu, akili yake huenda moja kwa moja kwenye suluhisho.

"Baba, turudi tukaichukue."

"Nikiichukua, nimemchukua na yeye. Miaka saba na nusu mingine, Kathir! Nitakufa naye."

"Basi niende mimi."

"Akufuate wewe? Wiki mbili kabla ya harusi? Una wazimu?"

"Basi iache. Tutatengeneza nyingine, dhahabu si ipo? Nani atajua?"

"Mama yako atajua," alisema Vaithilingam.

Kathir alitazama kandambili zake mwenyewe.

"Nikimwambia mama mkwe wako kwamba tali imepotea kabla hata ya kufungwa," Vaithilingam aliendelea kwa kunong'ona, "na imepotelea kwa Zohali, unafikiri ataketi? Atamshika binti yake mkono wapande basi. Na mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Hapo hakuna harusi tena."

Alisimama akimtazama mbwa aliyelala chali. Kisha akavuta pumzi, akarudi ufukweni.

"Mkwe," alisema, "itabidi turudi kidogo."

"Turudi wapi?"

"Upande wa Thirunallar. Nina haja."

"Haja gani?"

Hapo ndipo Vaithilingam, ambaye hata kileo cha dawa ya kikohozi humchefua, alipotazama kushoto na kulia, asione mlango mwingine wa kutokea. "Nimeona duka njiani," alisema. "Nataka brandi."

Bi Pavunammal aligeuka polepole. Bahari ikabaki nyuma yake.

"Nilijua," alisema. Wala hakupaza sauti. "Nilimwambia mume wangu, yule mzee anakwenda kuangalia mandhari. Akasema ninamsingizia mtu wa watu. Saa nne asubuhi!"

"Ndiyo, mkwe."

"Umetoka kuoga dhambi zako sasa hivi, mafuta hayajakauka masikioni!"

"Ndiyo, mkwe."

"Na kijana? Naye anakunywa?"

"La! Kathir hapana. Ni mimi tu. Ni mimi peke yangu mlevi wa ukoo."

Kathir alifungua mdomo, baba yake akamkanyaga mguu.

"Sawa," alisema Bi Pavunammal, akakung'uta mchanga kwenye sari. "Nimeisubiri bahari maisha yangu yote, nimeiona kwa muda wa kumenya kitunguu. Twende. Lakini tunakwenda wote, nataka nikuone ukiinunua kwa macho yangu."

Njiani, kila walipopita duka la pombe, na ni mengi, dereva alipunguza mwendo na kumtazama Vaithilingam, naye akatikisa kichwa.

"Hilo halikufai?" aliuliza Bi Pavunammal.

"Silo."

"Kumbe unachagua."

Gari liliposimama mbele ya bwawa lile lile, Bi Pavunammal alitazama hekalu, akatazama watu wanaochuruzika maji, akamtazama mkwe wake. Duka la brandi halikuwepo. Vaithilingam alishuka akaelekea kule ambako hakuna mtu aliyewahi kuonekana akielekea. Watu waliokuwa wakiondoka, shingo zimekakamaa, walipishana naye uso kwa uso, na mmoja akamwonea huruma waziwazi.

Lile rundo la kiunoni sasa lilimfika kifuani. Wanawake wawili walikuwa wakiliburuta kwa reki kulipeleka kwenye trela. Juu kabisa alitua kunguru. Kwetu kunguru ndiye kipando cha Zohali. Kunguru huyo huyo ndiye tunayemtupia wali mchana kabla ya sisi kula, kwa sababu marehemu wetu huja naye. Vaithilingam alimtazama asijue huyu amekuja kwa kazi ipi.

Akapiga magoti na kuanza kuchambua.

"We mzee!" mwanamke wa reki alimwita. "Hapa watu wanaacha, hawachukui! Akili zimekuruka?"

"Natafuta bukta yangu."

"Ya namna gani?"

"Ya mistari."

Mwanamke yule alilitazama rundo, akamtazama mwenzake. Rundo zima lilikuwa bukta za mistari. Waliegemea reki zao wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

Kathir alikuja mbio, na Poongodi nyuma yake, sari ameikunja mkononi. Walipoinama, Vaithilingam aliwafokea kama wevi.

"Msiguse! Asiguse mtu! Mimi Zohali ananifahamu. Msimpe majina mapya!"

"Baba," alisema Poongodi, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "ina alama gani?"

"Mfuko kwa ndani. Uzi mwekundu."

"Kwa nini mwekundu?"

"Ndio uliokuwa kwenye sindano. Nilimwambia bukta ni ya buluu, tafuta uzi wa buluu. Akasema nani atakuchungulia huko?" Akaendelea kugeuza nguo, ndani nje, ndani nje, zote zinanuka ufuta, zote zimelowa, zote ni nuksi za watu asiowajua. Sasa alikuwa analia, na hakujificha.

Alijua kwa vidole kabla ya macho. Amirtham alikuwa hashoni vizuri, mishono yake ilikuwa mikubwa na ya hasira, kila mmoja unakwenda kwake. Vaithilingam aliipapasa ile mishono, akafungua kifungo, akaingiza vidole viwili. Tali ilikuwemo, imejaa mafuta.

Alipoinua kichwa, Bi Pavunammal alikuwa amesimama juu yake, kivuli chake kimefunika rundo.

"Hii ndiyo brandi," alisema.

"Ndiyo, mkwe."

"Uliiacha hapa."

"Niliificha asiione. Nikaivua nayo."

"Ukaona heri nikuite mlevi."

"Mlevi watu wanamwoza mwanawe," alisema Vaithilingam. "Mwenye mkosi hawamwozi." Alimwinulia ile tali kwa mikono miwili, akiwa bado magotini. "Sasa unajua yote. Ukitaka kuondoka na binti yako, sitakulaumu."

Bi Pavunammal alimtazama Poongodi, na Poongodi akamtazama mama yake kwa namna ambayo mama huyo aliitambua, kwani ilikuwa ya kwake mwenyewe. Mwishowe aliichukua tali, akaifuta mafuta kwa pindo la sari yake nzuri, akaifunga fundo hapo hapo kwenye pindo, akalichomeka kiunoni.

"Mume wangu akipoteza kitu," alisema, "huniambia nimekipoteza mimi." Akanyoosha kidole bwawani. "Inuka ukaoge tena. Kathir, kamnunulie baba yako nguo nyingine. Na safari hii mali ninashika mimi."

Basi Vaithilingam akaoga tena. Akajipaka mafuta tena, akazama tena, akapanda ngazi tena, akavua shati ambalo lilikuwa halijatimiza hata nusu siku, akavua shuka jipya na bukta ya dukani, akaviacha. Kathir alikuwa amesimama kando akimshikia ile bukta kuukuu kwa ncha ya vidole. Vaithilingam alipomaliza kuvaa alinyoosha mkono, akaichukua.

"Na hiyo je?" mwanamke wa reki aliuliza. Alikuwa hacheki tena. "Hiyo ndiyo yenyewe, mzee. Nuksi zako zote zimo humo. Itupe."

"Hii siiachi."

"Miaka saba na nusu unaibeba kwapani?"

"Dada," alisema Vaithilingam, "hiyo miaka unayosema niitupe, mitatu ya mwanzo mke wangu alikuwa hai."

Mwanamke yule alimtazama kidogo, kisha akasogeza reki yake, akampisha. Vaithilingam akaondoka. Hakugeuka nyuma, ila kwapani alikuwa amekibana alichotakiwa kukiacha, na sijui Zohali anahesabuje mambo ya namna hiyo.

Garini hapakuwa na pa kuianika. Bi Pavunammal aliipokea kwa mikono yake, yeye ambaye kijijini haguswi na nguo ya mtu, akaikamua nje ya mlango, akaibana kwenye kioo cha dirisha ipepee. Wakaurudia mji wa Karaikal hivyo hivyo, bukta ya mistari inapiga kofi upande wa gari. Kwenye njia panda polisi wa kofia nyekundu aliitazama ikija, akaitazama ikipita, akawaruhusu.

"Polepole, dereva," alisema Bi Pavunammal. "Ikidondoka hiyo itabidi turudi tena, na mimi bahari sijaimaliza."